Umri wa Irakiza

Kawale, Lilongwe
4 Februari 1996

Mdogo wangu Léoncie,

Salamu zangu zikufikie, na ujue mimi ni mzima, isipokuwa kifua kinachonibana asubuhi kwa vumbi la vitambaa. Mvua ya huku Kawale imekuwa nyingi, choo cha nyuma ya nyumba kimebomoka na tunaazima cha jirani. Kazi ipo. Bado nashona kwenye baraza la lile duka, mashati ya shule na suruali za watu wa ofisi. Véronique anayekusomea barua hii naye nampa salamu, na asante kwa kukuandikia. Kwa sababu yake naandika Kiswahili nilichokipata Kigoma na si Kirundi chetu, mwalimu wa watu kutoka Bukavu asije akakwama katikati.

Epiphanie, anayetubebea barua kutoka huko kwenu, alipita hapa akienda hospitali ya Likuni. Ameniambia majina yenu yamebandikwa kwenye orodha ya watakaohojiwa kwenda Canada: mjane na mtoto mmoja. Nilipiga magoti palepale kando ya cherehani, mwenye duka akadhani nimedondosha sindano. Léoncie, siku ya mahojiano usikose hata kama unaumwa.

Jambo langu ni hili. Mmefika kambini Dzaleka mwaka na nusu sasa na sijamwona Irakiza. Tulipokutana mimi na wewe sokoni Lumbadzi ulisema ana malaria. Mara ya pili ulisema ni mguu. Mimi kuja siwezi, unajua. Kibali changu cha kukaa mjini kilikwisha zamani. Nikiingia kambini wataniandika, na kutoka tena itakuwa ndoto, na kazi imekwenda. Wewe nawe bila karatasi ya ruhusa huvuki kizuizi. Basi mwambie mtoto aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake. Nilimwacha ana miaka minane, herufi R anaigeuza kisogo. Nataka kuona kama ameacha.

Nimempa Epiphanie gauni la zambarau amletee. Sikuwa na kipimo, nimekisia msichana wa miaka kumi na mitano.

Kaka yako,
Bucumi Melchior


Dzaleka
25 Februari 1996

Yaya Melchior,

Salamu mingi mu jina la Yesu, kaka yangu. Mi niko mzima kidogo. Mvua ilikula ukuta wa upande wa jikoni, tumeweka plastiki. Bajirani bote banakusalimia. Pole juu ya kifua, kunywa maji ya moto na tangawizi. Gauni lilifika, ni zuri sana, lilimbana mabegani lakini tutalipanua. Anasema asante. Mstari ataandika, sasa mkono iko na kidonda.

Yaya, iko neno na sijue nianzie wapi. Usikasirike mbele ya kusoma mpaka mwisho.

Kuna kijana anaitwa Kalala, mtu wa Kongo, anatengeneza baisikeli za bakabaza, bale banabeba batu, pale penye kambi inaanzia. Ni mtu wa adabu. Alimpenda binti, binti naye akakubali. Tarehe 17, siku ya posho, mbele ya Kwaresima, tulifanya posa. Najua ulipaswa kuulizwa wa kwanza. Mjomba njo wewe, si mwingine. Sikukuuliza.

Nilipika pombe ya mtama sawa mama alikuwa anapika. Mtungi hakuna, niliweka mu ndoo, na mirija tulikata matete ya kule chini ku maji. Ilikuwa saa nane ya mchana. Sasa ile wiki, mtoto mmoja wa shule alikutwa ameanguka karibu na soko, amekunywa kachasu, ile kali yao. Bapolisi bakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kutafuta bapikaji. Balisikia nyimbo, bakaingia. Walikuta binti ameshika mrija, anaonja mbele ya kumpa Kalala, sawa inavyofanywa kwetu.

Mukubwa wao akauliza: «Uyu ali ndi zaka zingati?» Ana miaka ngapi huyu.

Nikajibu kumi na tisa.

Akaomba karti ya mgawo. Ilikuwa imetungikwa ku ukuta, akaichukua mwenyewe. Akasoma, akahesabu kwa vidole, akanitazama. «Mama, karti inasema fifitini.»

Balimwaga ndoo yote mu mchanga. Karti balienda nayo. Kalala alikaa polisi siku mbili, akarudi, lakini amekatazwa kutoka. Mi naitwa ku korti ya boma juu ya kumpa mtoto pombe, na yeye Kalala juu ya kutaka kuoa mtoto. Bila karti, ku mgawo wa juzi tulirudi mikono mitupu. Véronique alitupa unga.

Usiniulize mingi, yaya. Tuombee.

Mdogo wako Léoncie
(aliyeandika ni Véronique, salamu)


Kawale
17 Machi 1996

Léoncie,

Salamu. Mimi ni mzima. Huku hakuna habari.

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta mahali ambapo nimekosea kuelewa. Umekubali Irakiza aposwe? Mtoto wa miaka kumi na mitano? Na polisi wanapokuuliza unawaambia kumi na tisa, mbele ya watu, wakati karti iko ukutani?

Mimi nilikuwepo alipozaliwa, Januari 1981. Ni mimi niliyekwenda mbio kumwita mkunga huku mumeo, Mungu amrehemu, akizunguka uani kama kuku. Huwezi kunidanganya miaka ya mtoto yule. Wala usiniambie kwamba vita imewakomaza. Vita imewakomaza wote, lakini miaka inabaki ile ile.

Hata hilo la mjomba kutokuulizwa naliacha. Nauliza: unataka nini? Mbona una haraka ya kumtoa nyumbani, na Canada inawaita pamoja, mama na mtoto? Akiolewa, mwenye kwenda ni nani?

Na yeye mwenyewe amesema nini? Kidonda cha mkono hakiponi mwezi mzima?

Nijibu wewe. Sitaki dua, nataka majibu.

Melchior


Dzaleka
7 Aprili 1996, siku ya Pasaka

Yaya Melchior,

Kristu amefufuka. Barua yako ilichelewa, Epiphanie alinyimwa ruhusa ya kutoka wiki mbili. Leo padri alikuja kutusomea misa chini ya turubai, batoto balicheza ngoma, hata bale ba Rwanda na ba kwetu balicheza mstari mmoja. Chakula tulikula kwa Véronique, nsima, ule ugali wa huku, na maharagwe. Ukuta bado.

Una haki ya kukasirika. Hasira yako naipokea.

Korti itakuwa tarehe 6 Juni. Tangu ile siku kambi yote imegeuka korti ndogo. Pale tunapochota maji kila mtu amekuja na sheria ya kwao. Nzabonimana, muzee wa Rwanda, anasema kwao mtoto anaonja mu mtungi wa baba yake, ili siku ya kukua asishangazwe na pombe. Véronique anasema Bukavu ku mlango wa baa kuna kibao, asiye na miaka kumi na nane asiingie, lakini ku kilio na ku ndoa kibao hakifiki. Kalala anasema kwa babu yake Kasaï, mtoto anayebeba kibuyu njo anaonja wa kwanza, kuonyesha hakuna sumu. Mama mmoja wa Malawi anayeuza nyanya akasema hata kijijini kwao pombe ya ngoma ni mambo ya babibi, polisi haitwi. Mtu akauliza: na padri anayempa mtoto wa miaka kumi divai ya misa, naye atafungwa? Balicheka sana. Mi sikucheka.

Nilimuuliza yule polisi aliponiletea karatasi ya korti. Alisema kwa upole: «Mama, huko mlikotoka mlikuwa na desturi zenu. Hapa kuna kitabu, na kitabu kinataka umri.»

Sasa kila kitu kimefika pale. Umri.

Kuhusu Canada, kama haitatokea, haitatokea. Kuhusu kwa nini nilikuwa na haraka, siwezi kusema mu barua hii. Si juu ya Kalala, si juu ya mimba, usifikiri vibaya. Binti anakusalimia sana.

Léoncie
(mkono wa Véronique)


Kawale
28 Aprili 1996

Mdogo wangu Léoncie,

Salamu nyingi. Kifua kimepungua. Baridi imeanza, watu wanaleta makoti ya kushonwa mifuko. Nilikosea kukuandikia kwa ukali siku ile, nisamehe. Ukali ni wa mtu anayeona mambo kwa mbali na hana la kushika.

Nina habari njema. Kuna karani wa korti ya hapa mjini ambaye suruali zake nazishona mimi. Nilimpunguzia moja kiunoni bila malipo, nikamweleza kisa chako kama cha mtu mwingine. Akavua miwani akasema: «Kitu sheria inachokamata kwa nguvu ni kuuza. Mwenye duka akimuuzia mtoto, mwenye baa akimhudumia mtoto, huyo hana pa kujificha. Lakini pombe ya mila, haikuuzwa, imenywewa ndani ya nyumba, na aliyempa mtoto ni mzazi wake mwenyewe? Mahakimu wengi watamwonya na kumwacha aende.»

Nikamuuliza, una hakika? Akasema hakimu ni mtu, mmoja si sawa na mwenzake, lakini yeye angeshikilia hapo. Halafu akainua kidole: «Lakini lazima awe mzazi. Jirani akimpa, shangazi wa kuokota akimpa, njia hiyo imefungwa.»

Unaona, Léoncie? Wewe ni mama yake! Mlango uko wazi. Simama useme: huyu ni mtoto wangu niliyemzaa, nilimpa kwangu, kwa mila ya kwetu. Kuhusu Kalala, mseme ilikuwa ahadi tu, harusi mtoto akifika miaka kumi na minane. Karani anasema hilo ndilo zito kuliko pombe, na kijana asipochunga anaweza kufungwa kweli. Ulisema kumi na tisa kwa woga. Futa neno hilo, shika karti.

Hati ya kuzaliwa najua iliungua na nyumba. Karani anasema basi atafutwe ndugu wa kuapa. Ndugu huyo ni mimi. Nimefikiri sana na nimekata shauri: tarehe 6 Juni nitakuwa bomani. Nitashika Biblia niseme, huyu ni Irakiza, namjua tangu siku ya kwanza. Wakinikamata kwa ajili ya kibali baada ya hapo, wanikamate. Nitakuwa nimemwona.

Kaka yako,
Melchior


Dzaleka
9 Mei 1996

Yaya,

Leo Véronique haandiki. Naandika mwenyewe, siku ya tatu hii. Usome polepole, herufi zangu ni mbaya.

Usikuje ku korti. Ukikuja, watakuambia umwonyeshe Irakiza, na utaona mbele yako msichana ambaye hujamwona hata siku moja.

Irakiza alikufa. Alikufa mwezi wa kumi na mbili 1993, tarehe 9, karibu na Sange, upande wa Zaire.

Tulikuwa tumevuka mto Rusizi baada ya baba yake kuuawa. Tulikaa chini ya plastiki mu ule uwanda, batu mingi, maji machafu. Alianza kuhara. Siku mbili tu. Ilikuwa mchana, mi nilikuwa ku mstari wa maji. Niliporudi na bidoni ya maji, msichana mmoja alikuwa amempakata, akanitazama, akatikisa kichwa. Ule msichana njo Mathilde. Alikuwa na miaka kumi na sita. Kwao bote balikufa Bubanza. Alivuka maji pamoja na sisi, na mtu aliyembeba Irakiza mgongoni mu maji ni yeye, juu mi nilikuwa na homa. Tulichimba na panga la kuazima na sahani. Yeye alichimba kuliko mimi.

Siku ya pili alikuja mtu na daftari. Akauliza, mama, uko na nani? Mdomo wangu ukasema, na binti yangu. Jina lake? Nikasema Irakiza. Miaka? Nikasema kumi na mbili. Mathilde alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa mwembamba sana, mtu wa daftari hakushangaa. Mathilde hakukataa.

Naweza kukuambia basichana ba peke yao baliwekwa mu hangari moja, na banaume banaingia vile banataka. Ni kweli, nilimwogopea. Lakini isikuwe uongo mwingine. Mi sikutaka jina litoke. Nilikuwa nimelizika jana yake tu, na hapa mtu anauliza nalo liko hai.

Kutoka pale kila ofisi ilinakili karatasi ya ofisi ya nyuma. Uvira, Kalemie, Zambia, hapa. Kila mwaka karatasi inamwongezea Irakiza mwaka mmoja. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Anakua, yaya. Ulipomtumia gauni nililala nalo.

Haraka yangu ilikuwa hii. Mathilde ni mtu mzima, ana miaka kumi na tisa, anataka nyumba yake, na amekaa kimya miaka miwili na nusu mu jina la marehemu bila kunilalamikia. Kama tungeenda Canada, angekuwa Irakiza mpaka kufa. Alipompata Kalala nilisema, basi, aolewe kwa desturi, kimya kimya, na karti iendelee. Nilitaka bote babili babaki, Mathilde na Irakiza.

Sasa tazama mahali nilipo. Nikisema ni mtoto wangu, ana kumi na tano, ule mlango wa karani wako unafunguka, mi naenda nyumbani na Kalala anafungwa. Nikisema si mtoto wangu, ana kumi na tisa, basi hakuna kosa la pombe, hakuna kosa la ndoa, lakini mi ni mwongo wa karatasi, Canada inakwisha, na Irakiza anakufa tena, na safari hii ni kwa mdomo wangu.

Kalala anajua kwamba ana kumi na tisa. Jina hajui.

Sikujua nitakuambiaje. Kila salamu yako nilimpa Mathilde. Anakupenda bila kukujua.

Léoncie


Kawale
2 Juni 1996

Léoncie,

Barua yako ilinifikia tarehe 19. Nimekaa nayo.

Siku ile nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia, mashati matatu, mwenye duka akanirudisha nyumbani. Watu wa nyumba walinikuta nimekaa. Wakauliza nani amefariki. Nikasema mpwa wangu. Lini? Nikisema Desemba ya mwaka 93 wataniona nimerukwa na akili.

Tangu mfike nimemwombea kila Jumapili, apone malaria, apone mguu, apone mkono. Umeniacha nimwombee afya. Hilo bado linanichoma na sitakudanganya kwamba limepoa.

Lakini na mimi sikuwepo. Nilikuwa Kigoma nashona nguo za harusi za watu wengine.

Sitakuambia useme nini. Nikisema sema ukweli, nitakuwa nimekufungia njia ya Canada kwa mkono wangu. Nikisema shika karti, kijana wa watu ataoza ndani, na huyo binti atabaki amevaa jina lisilo lake. Nimelala na hayo mawili na kuamka nayo, hakuna linalonyanyuka.

Nimemwambia karani sihitaji tena ushauri wake. Bomani sitakuja.

Melchior


Dzaleka
16 Juni 1996

Yaya Melchior,

Salamu. Barua yako ya tarehe 2 ilifika siku moja baada ya korti. Labda ilikuwa vizuri. Naandika mwenyewe, Véronique ananisaidia maneno tu.

Tulienda bomani nyuma ya lori la kuni, mi na Mathilde na Kalala na polisi mmoja. Mu chumba kulikuwa na baridi. Mtafsiri alikuwa Mmalawi aliyefanya kazi zamani Dar es Salaam. Hakimu ni mtu wa makamo, alikuwa na mafua, anapenga kila saa. Alisoma mambo ya pombe, mambo ya ndoa, halafu akaniuliza, na mtafsiri akanigeuzia:

«Wewe ni mama wa huyu mtoto?»

Yaya, nilikuwa nimepanga kusema ndiyo. Nakuambia wazi. Njia yote mu lori nilikuwa narudia ndiyo, ndiyo, na Kalala atajitetea mwenyewe. Nikafungua mdomo, nikauliza:

«Mtoto gani?»

Batu balicheka. Hakimu akaonyesha kwa kalamu: «Huyu aliyesimama hapo.»

Nikasema: «Huyu si mtoto. Huyu ni mtu mzima, anaitwa Mathilde, ana miaka kumi na tisa. Mtoto wangu ni Irakiza. Alikufa Sange.»

Mtafsiri hakugeuza. Aliniomba nirudie. Nikarudia.

Mathilde akaanza kulia kwa sauti. Miaka miwili na nusu hakuna mtu aliyemwita vile mbele ya watu. Kalala naye akageuka, macho yamemtoka, akasahau kama tuko ku korti. Akamuuliza: «Sasa mimi nilimposa nani?»

Mathilde akamjibu: «Mimi.»

Hakimu aligonga meza, akasema tunyamaze. Akauliza nitathibitishaje. Sikuwa na kitu. Njo akaamuru Mathilde apelekwe kwa daktari pale karibu. Tulingoja mpaka saa tisa. Daktari aliandika meno ya mwisho yameota yote manne na mifupa imefunga, si chini ya miaka kumi na nane. Hakimu akasoma, akapenga, akasema mambo ya pombe hayana mwenyewe tena, na Kalala aende nyumbani. Halafu akanigeukia. «Ungeweza kusema tu wewe ni mama, ningekuonya uende,» alisema. «Sasa hii karti ya uongo si yangu, lakini siwezi kujifanya sikuisikia. Narudisha kwa ofisi ya kambi.»

Ku ofisi ya kambi sikungoja sana. Walikuwa babili, mmoja anauliza, mmoja anaandika. Tarehe ya kufa? Nikasema. Mahali? Nikasema. Sababu? Kuhara. Akapiga mstari ku jina, akaweka muhuri pembeni. Haikufika dakika tano. Nilimwomba anionyeshe, akanigeuzia karatasi, nikagusa pale.

Canada imekwisha. Walisema faili yangu imeharibika, nisiulize tena mpaka waniite, na hawakusema mwaka gani. Ruhusa ya kutoka kambini nimekatazwa miezi sita, hata kwenda Lumbadzi. Mathilde faili yake imeanza upya, sawa mtu aliyefika jana, na mgawo wake utangoja mpaka wamhakikishe. Anakula kwa Kalala. Siku nne Kalala hakusema naye neno, siku ya tano alikuja kutengeneza ukuta wangu wa jikoni, anapiga matofali kwa hasira, jioni akaomba chai. Nafikiri itakuwa sawa. Harusi watafanya kwa padri, kwa jina lake.

Mi niko hapa. Karti ina mtu mmoja. Nyumba imekuwa kubwa. Sijamlilia bado, yaya. Nilikuwa nafikiri siku nitakaposema nitalia, lakini nimekaa tu. Hapa kila mtu amefiwa na bengi, siwezi kwenda kwa jirani kumwambia mtoto wangu amekufa mwaka wa tatu huu, nisaidie kulia. Mtu aliyemjua tangu kuzaliwa amebaki mmoja tu.

Léoncie


Lumbadzi
12 Julai 1996

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wangu kwenye kibanda cha chai hapa Lumbadzi. Kabaza mmoja anaelekea kwenu na mkeka wa mtu, nampa barua hii itangulie, ili usishtuke.

Jana nimemrudishia mwenye duka ufunguo wa cherehani. Alisikitika, akaniuliza nimepata kazi nzuri zaidi wapi. Nikamwambia nina msiba. Akasema pepani, pole, utarudi lini? Yule karani naye alikuwepo, alikuja kuchukua koti. Alinivuta kando akaniambia nisiwe mjinga: mtu asiye na kibali akijipeleka mwenyewe kambini anaandikwa siku hiyo hiyo, na mji ataupata kwa kuota. Nikamwambia najua. Akasema kilio hudumu siku ngapi kwenu? Nikamwambia inategemea mko wangapi.

Sikuja kukusamehe, hilo tutalifanya taratibu kama likiwezekana. Nimekuja kwa sababu Kawale nilijaribu kulia peke yangu nikashindwa. Nilikuwa nafika mahali fulani, namkumbuka anavyokimbia na kiatu kimoja, nataka kumwuliza mtu, je, ilikuwa hivyo au naongeza? Na hapana mtu.

Usiende ofisini kuniombea ruhusa, wasije wakakuandika jambo jingine. Nitaingia kwa njia ya mbele, mchana, nitataja jina langu na miaka yangu arobaini na minne, yote ya kweli. Mwambie Véronique asiandae kitu. Mathilde mwambie mimi ni mjomba wake. Kama ni mzigo kwake, baada ya mambo haya yote, basi aniite Melchior, nitaitika.

Chai imepoa. Kutoka hapa mpaka kwenu nimeambiwa ni mwendo wa nusu siku kwa mguu. Sina haraka, nitafika tu.

Kaka yako,
Melchior